"Kitu kinachotufuata ni Mtito Andei": mpwa wangu kasikia hivi ndani ya SGR, sasa kachora

MjombaWaMajengo

Assalam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni kwa wengine. Hii si siasa wala si mpira, wenye haraka piteni tu.

Jumamosi nalimchukua mpwa wangu, ana miaka sita, kumpeleka Nairobi kwa mamake. Tulipanda ile treni ya saa mbili asubuhi, inayosimama vituo vyote. Kwa vile Miritini, kituo cha SGR cha Mombasa, lazima ufike mapema, mtoto aliamshwa kabla ya adhana ya alfajiri, akavishwa amelala, akapakiwa tuktuk amelala. Kilichomwamsha ni mbwa. Mnajua pale nje mabegi hupangwa chini mstari mmoja, abiria mkasogezwa nyuma, halafu mbwa akapita akinusa moja moja. Mtoto alinishika suruali kwa mikono miwili mpaka mbwa alipomalizana na begi letu. Tukaingia, akalala tena. Mariakani haikumhusu, Miasenyi haikumhusu, Voi alifungua jicho moja.

Treni inatoka Voi, spika ikalia. Spika haina kosa, naomba hilo lieleweke. Kulikuwa na watoto wachanga wawili wakilia kwa zamu, na nyuma yetu bwana mmoja akiongea na simu kana kwamba anataka Nairobi wamsikie bila mtandao. Mimi nikasikia kama angesikia mtu yeyote: "Kituo kinachofuata ni Mtito Andei." Mpwa wangu akakaa wima, macho makavu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mjomba, kwa nini kinatufuata?"

"Nini kinatufuata?"

"Mtito Andei. Si amesema yule mama? Kitu kinachotufuata ni Mtito Andei."

Nalifungua mdomo nimweleze. Kabla sijapata neno keshabandika uso kwenye kioo, anatazama tulikotoka. Nikaufunga.

Karatasi hatukuwa nayo, ila bahasha kubwa ya kaki niliyobebea makaratasi ya shamba. Kalamu moja ya buluu. Na kifuko cha mabuyu. Akachora kiumbe cha miguu sita mirefu mithili ya twiga, kwa sababu miwili haiwezi kuipata treni. Shingo hakuna. Masikio ya ndovu yamepeperuka nyuma kwa upepo. Mdomo uko wazi, lakini si wa kung'ata, kinatweta. Mwili wote mwekundu, na hapa ndipo nilipomvulia kofia: rangi hana, kwa hivyo alikuwa akimumunya buyu, anatia vidole mdomoni, kisha anavichapa kwenye bahasha, kimoja kimoja, mpaka kiumbe kikajaa. Ukiisogeza bahasha karibu na jicho unaona ile mistari ya vidole vyake, utasema ni magamba. Mkono mmoja umenyooshwa mbele, umeshika kitu cha mraba.

Nimejaribu kupandisha picha humu, inakataa.

Swali langu ni moja. Nimsahihishe au nimwache? Mamake anasema mwakani mtoto anaanza gredi ya kwanza, asije akaenda kumwambia mwalimu habari za vituo vinavyokimbia.

BintiKibokoni

Mwache mtoto yakhe! Mimi mpaka naolewa nalikuwa nikisikia Mariakani ni "Maria ana kani". Nikijiuliza huyo Maria ni nani, na hiyo kani yake ilikuwa ya jambo gani hata mji mzima ukapewa jina kwa ajili yake. Siku niliyoambiwa ni jina tu la mahali nilinuna.

Sasa tuambie, hicho cha mraba mkononi ni nini? Usituache hapo.

KondaMstaafu

Miasenyi je? Mimi nasikia "mia si nyingi". Nikiwa na mke wangu treni ikitangaza hivyo, nayeye ananitazama, najua lazima ninunue chai na kitu cha kutafunia.

MwanaDar

Mkuu umetisha. Huku kwetu tangu treni ya umeme ianze kwenda Morogoro mwaka 2024 kuna kituo kinaitwa Soga. Hebu fikirieni mnatoka Pugu, watu wamenuniana siti kwa siti, spika inasema "kituo kinachofuata ni Soga". Bibi mmoja pembeni yangu akasema "haya, tupige basi", akaanza kunisimulia habari za mkwewe mpaka Ngerengere. Sijui kama alisikia vibaya au alisikia vizuri kuliko sisi.

Nipo hapa nasubiri picha.

MzeeKavu

Mnacheka, lakini kosa la mtoto likichekewa linaota mizizi. Mtoto aambiwe: hiki ni kituo, mahali treni inaposimama, basi. Dakika moja. Michoro ataendelea nayo. Sisi tulisahihishwa na hatukufa.

MaalimNgeli

MzeeKavu, heshima yako, ila kabla ya kumsahihisha tuangalie amekosa wapi, maana mimi nimetafuta kosa kwa kalamu nyekundu nimeona moja dogo mno.

Kitu na kituo vyote viko ngeli ya KI-VI, kwa hivyo "kinachofuata" inavipokea vyote viwili bila kinyongo. Tangazo lingesema "stesheni inayofuata" leo hapangekuwa na uzi huu. Kilichopotea ni ile "o" ya mwisho, nayo iliangukia kwenye kelele za watoto wachanga.

Lililonifurahisha ni la pili. "Kitu kinachofuata" peke yake ni kitu cha baadaye tu, kinachokuja kwa mpango. Hakitishi. Ili kiwe kinatukimbiza lazima utie "tu" ya mtendwa. Spika haikuitamka hiyo "tu". Mtoto kaitia mwenyewe, na kaitia mahali pake hasa, baada ya "cho" na kabla ya "fuata". Miaka sita! Kuna watu wazima humu, siwataji, hupotea hapo hapo kila wiki.

Halafu kituo kimetokana na kutua, kama mtu anavyotua mzigo kichwani. Kitu hakina udugu nacho, wanafanana sura tu, kama watu wawili waliokutana kivukoni. Ndiyo maana wanadanganya vizuri.

MzeeKavu

Sawa Maalim. Lakini bado kituo hakina miguu sita.

MtuWaUkambani

Wacha niwaongezee chumvi. Mimi kwetu ni upande huo. Kwa Kikamba mutitu ni msitu, na ndei ni wale ndege wala mizoga, nyinyi mnawaita tumbusi. Hilo jina tumeambiwa na wazee kuwa ni msitu wa tumbusi. Kwa hivyo ukimwambia mtoto "si kitu, ni mahali tu", mahali penyewe jina lake ni hilo. Hujamtoa kwenye hofu, umemuongezea ndege.

MchoraKuta

Mimi nachora matatu na kuta za maduka, kwa hivyo naongea kama fundi. Rangi ya mabuyu ni wazo kali, ila itapauka, mwambie mjomba ahifadhi hiyo bahasha mbali na jua. Na wekundu huo kaupata wapi? Kama alikuwa dirishani baada ya Voi basi nadhani kawaona ndovu wa Tsavo. Wale ni wa kijivu kama ndovu wengine wote, ila hujimwagia ule udongo mpaka wakawa kama matofali. Ndiyo masikio hayo.

Ushauri: baada ya habari ya huyo Mkamba, muulize kama kiumbe kinataka mabawa ya tumbusi. Kingependeza.

MjombaWaMajengo

Nimerudi. Nimempigia simu mamake, nikapewa mhusika.

Ndovu kweli aliwaona, watatu, wamesimama kwenye tuta la udongo. MchoraKuta una jicho. Hakuniambia vile alidhani nao wanakikimbia Mtito Andei.

Mabawa amekataa katakata. Kasema, namnukuu, "Kingekuwa na mabawa kingepanda ndege." Nimeshindwa kumjibu.

Na BintiKibokoni, kile cha mraba mkononi ni TIKITI. Kiumbe kina tikiti yake halali, kimelipia. Kilifika Miritini mapema kama sisi, lakini mbwa walipokinusa walibweka, wakakataa kunyamaza, kikawekwa kando kikaguliwe upya mguu kwa mguu, na miguu yenyewe ni sita. Kilipoachiliwa treni imeshaondoka. Tangu hapo kinakimbia nyuma yetu kikionyesha tikiti.

Kumbe mimi muda wote nilidhani ametishika. Alikuwa anakionea huruma.

BintiKibokoni

Maskini! Miguu sita na vumbi lote lile la Tsavo.

Unajua sisi pwani viumbe vyetu vyote ni vya kutisha. Chunusi anakungoja baharini akuvute. Nunda wa hadithi za bibi alianza na kuku, akaja mbuzi, akaja ng'ombe, akamalizia kwa watu. Hata mtu akikuhurumia anakutisha kwanza. Huyu wa tikiti ndiye wa kwanza ninayemsikia aliyedhulumiwa yeye.

ReliYaZamani

Babu yangu alifanya kazi reli ile ya kwanza, ya upana wa mita moja, kwa hivyo mnivumilie.

Njia hiyo haijaanza leo kuwa na vitu vinavyofuata watu. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901. Mwaka 1898, wakijenga daraja la mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya shingoni waliwafuata wajenzi kambini usiku baada ya usiku mpaka kazi ikasimama na watu wakapanda mabehewa kukimbilia pwani. Walipigwa risasi mwezi wa kumi na mbili mwaka huo. Leo wako Chicago, kwenye jumba la makumbusho, wamesimamishwa nyuma ya kioo. Babu alikuwa akisema hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote zilizotokana na reli ile, na waliosafiri hawakulipa nauli.

Na kabla ya kufika Tsavo ukitoka Mombasa, pale Mackinnon Road, kuna kaburi la Seyyid Baghali Shah kando ya njia. Husimuliwa alikuwa kwenye kazi za reli, na karai la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Mpaka leo wasafiri husimama kumsomea fatiha.

Na bara nako, watabiri wao walikuwa wamesema atakuja nyoka wa chuma anayetema moshi, kutoka bahari hii mpaka ziwa lile. Yaani kwa wazee wale treni yenyewe ndiyo ilikuwa kiumbe, wao wakiitazama ikija. Huyu mtoto yuko ndani ya tumbo la nyoka, ametulia, anakula mabuyu, anakihurumia kilichoachwa nje. Mambo yamegeuka.

MwanaDar

Mzee wa reli umeua. Sasa swali langu mimi, mjomba. Treni si ilisimama Mtito Andei? Mtoto alisemaje kilipowafikia??

MzeeKavu

Hata mimi hilo nataka kulijua. Sijabadilisha msimamo.

MjombaWaMajengo

Nalijua mtafika hapo. Nilikuwa nimeliweka.

Treni ilipoanza kupunguza mwendo aliweka kalamu chini. "Mjomba, kinatupata." Ikasimama. "Kimetupata." Akaniambia nitoe begi kwenye kiti cha mbele yetu, vile viti vinavyotazamana na kimeza katikati, akapangusa makombo ya mahamri kwa kiganja. Tukangoja, mimi pia nikiangalia mlango, siwafichi.

Akaingia mzee mmoja, kofia ya sufi kichwani na joto lile, kiroba cha maembe begani. Anahema. Akatafuta namba ya kiti, akaja akaketi pale pale palipopanguswa. Mpwa wangu hakumtazama usoni, aliinama chini ya meza. Viatu vyekundu. Vumbi mpaka juu ya soksi.

Akamuuliza, "Umekimbia?"

Mzee akasema, "Nimekimbia sana mama, nilijua mtaniacha." Na akatoa tikiti mfukoni, akaiweka mezani ikauke jasho kwanza.

Mwenzenu nilisisimka nywele.

Mtoto alinitazama mara moja tu, kama hakimu aliyekwisha kupata ushahidi. Kisha akaninong'oneza: "Miguu mingine minne iko wapi?" Nikamwambia pengine kwenye kiroba. Akakubali. Akamkaribisha mzee mabuyu.

Haikuishia hapo. Baada ya kuondoka spika ikalia, kituo kinachofuata ni Kibwezi. Akamgeukia mzee kwa upole: "Mtoto wako pia anakuja." Mzee wa watu akacheka, akasema "Ninao wengi mama, yupi?" "Kibwezi." "Aa, huyo sijui." Basi mtoto akamsikitikia zaidi, baba aliyesahau mwanawe. Mzee alishuka Emali, akatuachia maembe mawili.

MaalimNgeli

Subirini. Kibwezi akawa mtoto kwa sababu ya ile "ki" ya mwanzo! Kitoto, kijiji, kilima. Kamsikia Mtito ni mkubwa, kisha Kibwezi akajua ni kidogo chake. Mjomba, mtoto huyu asiende gredi ya kwanza, aje kwangu.

KondaMstaafu

Na Emali? Maana mimi pale nasikia "e, mali!" kama mtu aliyeokota pochi.

MjombaWaMajengo

Emali alikuwa amelala, Konda. Usimpe mawazo.

Tatizo lilinipata Jumatatu. Ile bahasha ndiyo yenye makaratasi, na ofisi niliyokuwa naenda wanataka makaratasi yakae ndani ya bahasha yake, yameandikwa juu jina na namba. Jina na namba viko chini ya tumbo la Mtito Andei. Karani akaigeuza, akaigeuza tena, akaisogeza kwenye dirisha. "Hizi alama za vidole ni za nani?" Nikamwambia za mpwa wangu. "Naye ni mrithi?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini ameweka vidole arubaini?" Hatimaye alitoa makaratasi, akanirudishia bahasha, na nilimwona akitabasamu alipodhani nimeondoka. Iko kwangu sasa, imebanwa ndani ya msahafu mkubwa wa marehemu babangu, mbali na jua kama alivyosema fundi.

MchoraKuta

Ukikubali nitakichora nyuma ya matatu ya Bamburi. Miguu sita itaenea vizuri kwenye mlango wa nyuma, na mkono wa tikiti uwe upande wa taa. Kila gari litakalokuwa nyuma yetu litakiona kinakimbia kuelekea kwao, hilo ndilo tatizo, kitakuwa kimegeuka. Wacha nifikirie.

ReliYaZamani

Kiweke mbele, kitazame gari lililo mbele. Hapo ndipo kinapofuata.

MchoraKuta

Mzee, nakupa asilimia ya malipo.

MjombaWaMajengo

Habari za leo. Tumerudi jana, naye karudi nami kwa likizo. Safari hii hakulala hata kidogo. Vituo vyote alivisikiliza, na mimi nikajiambia sasa atasikia sawasawa, mambo yameisha. MzeeKavu angefurahi. Mtito Andei tulipita kimyakimya, akachungulia, hakuna aliyekuja mbio. "Keshapata treni yake," akasema, akaendelea na kachiri zake.

Tukashuka Mazeras, harufu ya unyevu wa bahari ikaanza kuingia mlango ulipofunguliwa, spika ikasema kituo cha mwisho ni Mombasa.

Ngojea kidogo. Nimeandika tukashuka, namaanisha treni iliteremka, hatukushuka sisi.

Kituo cha mwisho. Mnajua alivyosikia. Akanivuta shati: "Mjomba, kitu cha mwisho ni Mombasa?"

Nikasema ndiyo. Nimekula njama, sikatai.

Leo asubuhi kaketi barazani na daftari jipya, na kalamu za rangi nilizomnunulia ili asinimalizie mabuyu. Mombasa ni kubwa, imejaza kurasa mbili. Ina pembe nne, zile za ndovu zilizovuka barabara pale Mapembeni, ambazo nilimwambia ziko pale tangu bibi yake mtoto, tangu 1952, akasema hapana, zinakua. Mdomo ni wa kando, na ulimi ni feri ya Likoni: unatoka na watu, unaingia na watu, mchana kutwa. Jicho moja ni Fort Jesus, limefumbwa. Treni ni uzi mwembamba unaoingia kwenye sikio.

Nilimuuliza miguu iko wapi. Haina, kasema, haifuati mtu.

MaalimNgeli

Hakina. Kitu hakina, hakifuati.

MjombaWaMajengo

Maalim, yuko hapa barazani. Njoo umwambie mwenyewe.